Zimwi la maji katika nchi ya ukame

KILA jioni jua linapokaribia kuzama, wanawake na watoto wa vijiji vilivyo kandokando ya Mto Tana, Garissa, huteremka ukingoni na mitungi yao. Huchota kwa haraka, macho yakiwa hayabanduki majini, kisha hupanda juu kurejea nyumbani kabla giza halijatanda.

Maji hayo ndiyo uhai wao. Lakini ndani yake pia mna kitu kinachoweza kumnyakua mtu kufumba na kufumbua na kuzama naye, pasibaki juu ya maji ila viduara vinavyopanuka na kutoweka.

Hofu ya aina hiyo ndiyo mzazi wa hekaya za mazimwi ya majini. Takriban kila mahali penye maji mengi duniani pana simulizi ya mnyama mkubwa akaaye kilindini, na pana watu waliotumia fedha na miaka yao kumsaka.

Eneo lililokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki hadi mwaka wa 2013, ambalo sasa ni kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, halina ziwa kubwa. Ni nchi ya ukame, ngamia na visima. Hata hivyo, historia ya eneo hili na ya majirani wake wa Mto Tana ina mafunzo makubwa kuhusu jinsi zimwi la maji linavyozaliwa, na kuhusu kile ambacho msakaji hukipata mwishowe.

Mnyama wa Ziwa Victoria

Katika Afrika Mashariki, zimwi la maji lililopata umaarufu zaidi ni Lukwata wa Ziwa Victoria. Baganda na jamii nyingine za kandokando ya ziwa hilo walisimulia habari za mnyama mkubwa aliyeshambulia mitumbwi na kuwanyakua wavuvi.

Wageni walipofika, nao waliyachukua masimulizi hayo. Sir Clement Hill, ofisa wa Uingereza aliyesimamia masuala ya himaya za Afrika na ambaye meli moja ya ziwa hilo ilikuja kupewa jina lake, alidai kumwona mnyama wa ajabu karibu na Mlima Homa alipokuwa safarini ziwani mwanzoni mwa karne ya 20. Mnyama huyo, kwa maelezo yake, alijaribu kumkamata mtu aliyekuwa ameketi kwenye omo ya chombo.

Mwaka wa 1913, Charles William Hobley, ofisa wa serikali ya kikoloni nchini Kenya, alichapisha makala kuhusu wanyama wasiotambulika katika jarida la chama cha wataalamu wa viumbe na mazingira wa Afrika Mashariki na Uganda. Lukwata alikuwa mmoja wao.

Mwingine aliyevuma wakati huo ni Dingonek, aliyedaiwa kuonekana katika mto mmoja wa eneo la Migori. Mwandishi Mmarekani, Edgar Beecher Bronson, alimtaja katika kitabu chake cha mwaka wa 1910. Mnyama huyo alielezwa kuwa na magamba, madoa kama ya chui na meno marefu yaliyochomoza kinywani.

Tangu wakati huo zaidi ya miaka 100 imepita. Ziwa Victoria limepitiwa na meli, nyavu za maelfu ya wavuvi na vyombo vya watafiti. Hakuna mfupa, ngozi wala mzoga wa Lukwata uliowahi kuwekwa mbele ya wataalamu ukathibitishwa.

Maelezo mengine hayahitaji zimwi. Chatu huogelea vyema. Fisimaji wakifuatana mstarini huonekana kwa mbali kama mwili mmoja mrefu wenye nundu. Visiwa vya mafunjo hung'oka na kuelea, huku mamba mkubwa akiwa na uwezo wa kumtoa mtu mtumbwini. Mtu mwenye hofu, aliye katika chombo kidogo alfajiri yenye ukungu, huona kile ambacho amekwisha kuambiwa kwamba kipo.

Unyayo wa kiboko Uskoti

Kisa kinachojulikana zaidi duniani ni cha Loch Ness, ziwa jembamba la Uskoti lenye urefu wa kilomita 37 hivi na kina cha takriban mita 230. Magazeti yalianza kulivumisha zimwi lake mnamo Mei 1933.

Mwishoni mwa mwaka huo, gazeti la Daily Mail la London lilimtuma mwindaji, Marmaduke Wetherell, kwenda kulisaka. Baada ya siku chache tu alitangaza kwamba ameona nyayo kubwa ufuoni.

Wataalamu wa makumbusho ya viumbe ya London walipozichunguza, waligundua kwamba nyayo zote zilikuwa za mguu mmoja, na mguu wenyewe ulikuwa wa kiboko. Mtu fulani alikuwa ameuchukua mguu wa kiboko uliokaushwa, wa aina iliyokuwa pambo la nyumba za matajiri wa enzi hiyo, akaugandamiza matopeni. Hivyo, alama ya kwanza ya zimwi la Ulaya iliachwa na mnyama ambaye mkulima yeyote wa ukingo wa Tana angemtambua bila kusita.

Picha maarufu ya shingo ndefu ikichomoza majini ilichapishwa Aprili 1934. Ilichukua miaka 60 kwa umma kufahamu, mwaka wa 1994, kwamba kilichopigwa picha kilikuwa kichwa cha kuigiza kilichobandikwa juu ya nyambizi ya kuchezea watoto, na kwamba Wetherell na jamaa zake ndio waliopanga hila hiyo.

Mwaka wa 2018, kundi la watafiti likiongozwa na Profesa Neil Gemmell wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, lilichota takriban sampuli 250 za maji ya ziwa hilo ili kutafuta chembechembe za DNA ambazo kila kiumbe huziacha anamoishi. Matokeo yaliyotangazwa mwaka wa 2019 hayakuonyesha dalili yoyote ya mnyama mkubwa wa jamii ya mijusi. Kilichopatikana kwa wingi ni DNA ya mikunga.

Sauti iliyotoka msituni

Ukirudi Mto Tana, utapata kisa chenye maana zaidi kuliko cha Uskoti.

Wapokomo, wakulima na wavuvi ambao wameishi kandokando ya mto huo kwa karne nyingi, walikuwa na ngoma kubwa iliyoitwa ngadji. Ilichongwa kutokana na gogo, ikafichwa msituni chini ya ulinzi wa wazee wa baraza. Ilikuwa alama ya mamlaka, ibada na umoja wa jamii, na mtu wa kawaida hakuruhusiwa kuiona.

Majirani zao wa pwani, Wamijikenda, walikuwa na chombo cha aina hiyo kilichoitwa mwanza. Johann Ludwig Krapf, mmisionari aliyefika Mombasa mwaka wa 1844, alieleza jinsi wanawake na watoto walivyokimbia kujificha kiliposikika kikinguruma. Waliamini kwamba atakayekitazama angepatwa na balaa.

Kwa wasioruhusiwa kuona, sauti ya namna hiyo usiku wa manane ilikuwa sauti ya kitu kilicho hai. Kumbe kilichonguruma kilikuwa mti na ngozi mikononi mwa wazee waliojua walichokifanya. Hofu ile ilikuwa na kazi: ililinda siri, ililinda msitu na iliipa sheria nguvu pasipo askari wala jela.

Mwanzoni mwa karne ya 20, maofisa wa Uingereza waliinyang'anya jamii ya Wapokomo ngoma hiyo. Mwaka wa 1908 iliingia katika Makumbusho ya Uingereza jijini London, ikawekwa ghalani. Ilikaa humo kwa zaidi ya miaka 100 kabla ya mwana wa ukoo wa kifalme wa Wapokomo kuruhusiwa kuitazama mwaka wa 2016. Tangu hapo wazee wameendelea kudai irejeshwe nyumbani.

Katika kisa hiki, kilichopotea hakikuwa mnyama. Wasakaji wa mazimwi walikuja na bunduki kutafuta kisichokuwapo. Wenyeji nao walibaki wakitafuta kilichokuwapo kikachukuliwa.

Ziwa lenyewe likawa hekaya

Kaskazini ya Garissa, msako ulikuwa wa ajabu zaidi. Huko hakikutafutwa kiumbe ndani ya ziwa, bali ziwa lenyewe.

Mto Ewaso Ng'iro hupata maji yake katika Mlima Kenya na safu za Nyandarua, ukapita Laikipia, Samburu na Isiolo ukielekea mashariki katika nchi kavu. Katika karne ya 19, wasafiri waliambiwa kwamba mto huo unaishia katika maji makubwa yaitwayo Lorian. Kwa masikio ya Mzungu wa enzi hiyo, maji makubwa yalimaanisha ziwa.

Matumaini hayo hayakuwa ya kipuuzi. Mwaka wa 1888, Hesabu Samuel Teleki wa Hungaria na Luteni Ludwig von Höhnel walikuwa wamefika katika ziwa ambalo leo ni Turkana, likiwa katikati ya jangwa. Kama jangwa moja lilificha ziwa, kwa nini jingine lisifiche?

Mnamo Septemba 1892, Mmarekani tajiri kijana, William Astor Chanler, aliondoka Lamu pamoja na Höhnel huyo huyo. Msafara wao uliambaa na Mto Tana ukipanda juu, kisha ukavuka hadi Ewaso Ng'iro na kuufuata kuelekea mashariki. Walivumilia jua, kiu na mbu kwa siku nyingi.

Walichokikuta mwisho wa mto hakikuwa ziwa. Kilikuwa kinamasi: matete, matope na vidimbwi, maji yakiishia mchangani. Chanler alisimulia safari yake katika kitabu kilichochapishwa mwaka wa 1896, na Lorian ikaacha kuhesabiwa miongoni mwa maziwa makuu ya Afrika.

Je, wenyeji walidanganya? La hasha. Kinamasi cha Lorian, kilicho eneo la Habaswein karibu na mipaka ya Wajir, Isiolo na Garissa, hubadilika kulingana na mvua. Mvua kubwa ikinyesha milimani, maji hutanda mbali na huweza hata kuendelea kupitia Lagh Dera kuelekea Somalia. Ukame ukizidi, hubaki ardhi iliyopasuka. Aliyesema kuna maji makubwa aliyaona. Aliyekuta matope naye aliona kweli. Tofauti ni majira.

Pana jambo jingine ambalo msafiri wa nyanda hizo hulijua, nalo ni mazigazi. Jua kali huipasha ardhi joto, na hewa iliyo karibu na ardhi huwa nyepesi kuliko iliyo juu yake. Miale ya mwanga ikipita hapo hupinda, na macho huona sehemu ya anga ikiwa chini kana kwamba ni maji yanayometameta. Ngamia wa mbali huonekana warefu, wakitetema kama viumbe waogeleao. Kila mtu aliyesafiri kutoka Garissa kwenda Wajir mchana amewahi kuliona ziwa ambalo halikaribiki.

Zimwi la nchi kavu

Inafaa pia kutazama ni wapi wafugaji wenyewe waliweka zimwi lao. Miongoni mwa Wasomali, zimwi linalotajwa mno katika ngano za watoto si la majini. Ni Dhegdheer, yaani Mwenye Sikio Refu, mwanamke mla watu aliyeweza kusikia nyayo za msafiri kutoka mbali.

Ngano husema kwamba alipokuwa hai nchi ilikauka, na alipokufa mvua ilinyesha na nchi ikatulia. Kwa mfugaji, hatari kuu haikuwa kufa maji. Ilikuwa kukosa maji. Zimwi lake likawa ukame wenye miguu na masikio.

Kwa hiyo mvuvi wa ziwani humwona adui wake chini ya mtumbwi, na mfugaji wa nyika humwona katika njia ndefu isiyo na kisima. Anayetaka kujua zimwi la watu fulani linatoka wapi, yafaa kwanza aulize watu hao hufa kwa nini.

Wanyama waliokuwapo kweli

Hilo halimaanishi kwamba kila habari ya mnyama wa ajabu ni uzushi. Garissa yenyewe imetoa ushahidi wa kinyume chake.

Mwaka wa 1888, mwindaji Mwingereza, H.C.V. Hunter, alikutana karibu na Mto Tana na swala ambaye wataalamu wa Ulaya hawakuwa wakimjua. Mwaka uliofuata alipewa jina la kisayansi lenye kumbukumbu ya mwindaji huyo. Lakini wafugaji walikuwa wakimjua tangu zamani. Wasomali humwita arawla. Ndiye hirola, mwenye alama nyeupe inayozunguka macho kama miwani.

Leo hirola waliosalia porini wanakadiriwa kuwa chini ya 500, na wengi wao wako katika eneo la Garissa na Tana River. Mwaka wa 2012 jamii ya Ishaqbini, eneo la Ijara, ilitenga hifadhi yenye ua ili kuwakinga dhidi ya wanyama wawindao.

Aidha, mwaka wa 2010 watafiti walitangaza kwamba kamera zilizofichwa katika misitu ya Boni na Dodori, karibu na mpaka wa Somalia, zilipiga picha za panya-tembo mkubwa, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, ambaye hakufanana na wale waliokwisha kuorodheshwa.

Tofauti kati ya wanyama hawa na Lukwata ni wazi. Hirola ana ngozi, mifupa, kinyesi na ndama. Panya-tembo wa Boni aliacha picha kamera ilipowekwa palipofaa. Mnyama halisi huacha alama, na mchungaji aishiye karibu naye huweza kueleza anakula nini, anazaa lini na analala wapi. Zimwi halina tabia hizo. Lina kisa cha kutisha tu.

Muuaji anayejulikana

Hapo ndipo suala la zimwi la maji linapokoma kuwa burudani. Katika Mto Tana yumo mnyama mkubwa mwenye magamba anayewanyakua watu. Jina lake halina siri yoyote. Ni mamba.

Mamba wa Nile huweza kuzidi urefu wa mita tano. Macho na pua yake viko juu ya kichwa, hivyo huweza kulala majini akiwa amejificha mwili mzima huku akiona na kupumua. Hujifunza mazoea ya mawindo yake. Mtu anayechota maji mahali pale pale, saa ile ile, kila siku, humrahisishia kazi.

Wakati wa kiangazi vidimbwi hukauka, na watu, mifugo na wanyamapori wote hukutana kwenye mto uliopungua. Wakati wa mafuriko, kama yale ya El Niño ya mwaka wa 1997 na yale ya 2023 na 2024, maji huvamia mashamba na makazi, na mamba na viboko huweza kuyafuata. Kwa vyovyote vile, anayekuwa hatarini zaidi ni yule asiye na mfereji nyumbani: mama, mtoto, mchungaji na mkulima anayemwagilia migomba na nyanya zake.

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka wa 2013 iliweka fidia ya Sh5 milioni kwa familia ya aliyeuawa na mnyamapori, na Sh3 milioni kwa aliyepata ulemavu wa kudumu. Mamba ni miongoni mwa wanyama waliotajwa. Hata hivyo, familia nyingi nchini zimelalamika kusubiri kwa miaka mingi kabla ya kupata malipo.

Kuzuia ni bora kuliko kufidia, na njia zake si ngeni. Ua wa miti imara uliozamishwa ukingoni huwapa watu mahali salama pa kuchotea. Pampu na bomba huondoa haja ya mtu kuingia majini. Kuchota mchana badala ya magharibi, kubadilisha mahali pa kuchotea na kutosafishia samaki au nyama hapo hapo hupunguza hatari. Kazi iliyo kubwa zaidi ni ya serikali: kufikisha maji safi karibu na makazi, ili mto usiwe njia pekee ya kukata kiu.

Upande wa Lorian nako kuna maswali mazito kuliko zimwi. Chini ya ardhi, kutoka Merti kupitia Habaswein hadi Dadaab na Liboi, mna hifadhi ya maji ambayo hutegemewa na wafugaji, na visima vyake vimekuwa vikiwapa maji wakimbizi wa Dadaab tangu kambi hizo zilipofunguliwa mwaka wa 1991. Maji ya mto nayo hutumiwa na mashamba ya juu kabla hayajafika nyikani. Misimu mitano mfululizo ya mvua ilipokosekana kati ya 2020 na 2022, mifugo ilikufa kwa wingi na watu wakahama.

Chanler alihuzunika alipokuta kinamasi badala ya ziwa. Wafugaji wa leo wangefurahi kukikuta kinamasi hicho kikiwa kimejaa maji kila mwaka. Katika nchi kama hii, habari ya kutisha si kwamba kuna kitu kilindini, bali kwamba kilindi chenyewe chaweza kutoweka.

Jioni itakapofika tena, wanawake wa ukingo wa Tana watateremka na mitungi yao. Hawahitaji msafara wa kuwathibitishia kilichomo majini. Wanakijua, na wanajua pia dawa yake: bomba la maji mlangoni.